Enoch Wood, Mfinyanzi Aliyetunza Vyombo vya Wazee Wake

Katika masomo ya historia ya Uingereza tumejifunza habari za wafalme na majemadari wengi. Mtu ninayetaka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, hakuwa mfalme wala jemadari, bali mfinyanzi. Jina lake ni Enoch Wood, na wale wanaokusanya vyombo vya kale vya udongo vya Kiingereza wanamheshimu mpaka leo.

Enoch alizaliwa mwaka wa 1759 katika mji wa Burslem, jimbo la Staffordshire. Nchi ile ina udongo na makaa ya mawe, kwa hiyo watu wengi waliishi kwa ufinyanzi. Baba yake, Aaron Wood, alikuwa fundi hodari wa kuchonga kalibu za vyombo. Vyombo vizuri vya siku zile vilikuwa vyeupe, na mng'aro wake ulitokana na chumvi. Moto wa tanuru ulipokuwa mkali kabisa, mafundi walitupa chumvi ndani, nayo ikageuka mvuke na kuvivika vyombo ganda gumu kama kioo.

Baba yake mkubwa aliitwa Ralph Wood, naye alikuwa na mwana aliyeitwa Ralph vilevile. Hao wawili walisifiwa kwa sanamu ndogo na kwa majagi yenye umbo la mtu, yaitwayo Toby. Jagi la Toby ni mzee mnene aliyeketi, amevaa koti refu na kofia ya pembe tatu, naye ameshika kopo la bia na mara nyingi ana kiko. Pembe moja ya kofia ndiyo mdomo wa kumiminia. Wengi husema kwamba jina hilo lilitoka katika wimbo wa mwaka 1761, uliosimulia habari za mlevi mmoja, Toby Fillpot. Alipokufa akazikwa, mwili wake ukageuka udongo, na mfinyanzi akauchukua udongo ule akafanya jagi la bia! Waingereza walicheka sana. Nadhani bibi yangu asingekubali kunywa humo.

Akina Ralph walitia rangi ndani ya mng'aro wenyewe. Shaba ilitoa rangi ya kijani, madini mengine yakatoa kahawia na zambarau, na motoni rangi hizo zilitiririka na kuingiliana kidogo. Baadaye wafinyanzi walizoea kupaka rangi kwa brashi juu ya mng'aro, na rangi hizo hazitiririki hivyo. Basi mkusanyaji hutazama kwanza jinsi rangi zilivyokaa. Jina lililopigwa chini ya chombo peke yake halitoshi, maana waigaji nao wanajua kupiga jina.

Mwaka wa 1781 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alifika Burslem kuhubiri. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 75, na Enoch alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, si mkubwa sana kuliko sisi wa darasa la juu. Hata hivyo mzee yule alikubali kuketi mbele ya kijana, naye akamfinyanga kichwa na mabega. Sanamu hiyo ilipendwa sana, ikaigwa mara nyingi.

Miaka miwili baadaye alianza kazi pamoja na binamu yake Ralph. Tangu mwaka wa 1790 alishirikiana na James Caldwell, na tangu 1818 alifanya kazi na wanawe. Walipeleka Marekani sahani nyingi mno zenye picha za buluu, nyingine zikionyesha miji na mito ya huko. Enoch akawa tajiri.

Lakini utajiri si sababu ya mimi kuandika habari zake. Siku hizo vyombo vipya vya rangi ya maziwa, alivyovitengeneza Josiah Wedgwood na wenzake, vilikuwa vimevishinda vile vya chumvi, na nani atatunza chungu cha zamani akiweza kununua kipya? Enoch, ambaye chakula chake kilitoka katika kuuza vipya, ndiye aliyekusanya vya zamani. Alikusanya sahani nzito za wazee, vyombo vyeupe vya wakati wa baba yake, na vya wakati wake mwenyewe, akavipanga nyumbani mwake ili mtu aone kazi ilivyokua hatua kwa hatua. Tajiri mwingine angeonyesha wageni dhahabu yake. Huyu alionyesha vyungu! Simeon Shaw, aliyetoa kitabu cha historia ya wafinyanzi wa Staffordshire mwaka wa 1829, alipata faida kubwa kwa maarifa yake.

Mwaka wa 1835 vyombo vyake zaidi ya 100 vilikwenda Dresden, kwa mfalme wa Saxony. Enoch alikufa mwaka wa 1840, na vilivyobaki havikukaa pamoja. Vilitawanyika, vingine vikaingia katika majumba ya makumbusho, vingine mikononi mwa watu. Mimi nasikitika kwa jambo hilo, kwa sababu chombo kimoja kimoja ni kizuri, lakini mpango wake ndio uliokuwa na maana.

Alikuwa na desturi nyingine pia, ya kuweka vyombo katika misingi ya majengo mapya. Mwaka wa 1828, kanisa la Mtakatifu Paulo lilipoanza kujengwa Burslem, aliweka vyombo chini yake. Kanisa hilo lilibomolewa mwaka wa 1974, nao wachimbaji wakavikuta vyombo vyake humo ardhini, alimoviweka.