Katharine Blodgett: Aliyeuondoa Mng'ao wa Kioo

Askari anayelinda mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, huelekeza macho magharibi, upande wa Kongo. Jioni jua humkabili usoni. Kioo cha darubini yake kikimetameta, adui aliye ng'ambo humwona kwanza. Tena nuru inayorudishwa na kioo ni nuru iliyopotea. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha kiasi cha asilimia 4. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo hupoteza thuluthi nzima. Giza linapoanza kuingia, hasara hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya kumtambua mtu na kuona kichaka tu. Miongoni mwa waliotafuta dawa ya ila hiyo alikuwa Katharine Blodgett wa Marekani.

Bibi huyo alizaliwa tarehe 10 Januari 1898 mjini Schenectady, jimbo la New York. Hakubahatika kumwona baba yake, mwanasheria wa kampuni ya General Electric, aliyeuawa na mwizi nyumbani kwake kabla binti huyo hajazaliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alisoma Chicago, akachunguza jinsi makaa yanavyonasa gesi za sumu katika vinyago vya askari. Mwaka 1918 akaingia maabara ya kampuni ile ile ya baba yake, mwanasayansi wa kwanza mwanamke humo, akimsaidia Irving Langmuir. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Langmuir alikuwa amechunguza jinsi mafuta yanavyotandaa juu ya maji yakawa utando wenye unene wa molekuli moja. Blodgett akabuni njia ya kuuhamishia utando huo juu ya kioo: kukichovya na kukitoa, tabaka juu ya tabaka, kwa subira kubwa. Mwaka 1938 tabaka 44 za sabuni ya bariamu zilifikia unene wa robo ya wimbi la nuru. Hapo nuru iliyorudishwa na uso wa utando na ile iliyorudishwa na uso wa kioo zikakutana kinyume, zikafutana. Karibu nuru yote ikapenya.

Hata hivyo utando wake ulikuwa laini mno. Kidole kiliweza kuufuta. Huko Jena, Ujerumani, Alexander Smakula alikuwa amevumbua njia yake mwaka 1935, ikafanywa siri ya jeshi. Tando ngumu, zilizotandazwa ndani ya chombo kisicho na hewa, ndizo zilizoenea katika darubini za kivita.

Kanuni ya robo ya wimbi haikuishia katika nuru. Leo hutumika katika darubini za Chile na Ncha ya Kusini zinazopokea mawimbi ya maikrowevu kutoka angani. Lenzi tupu ya silikoni hurudisha karibu asilimia 30 kwenye kila uso. Kwa wimbi la milimita 2, huhitaji utando wa robo ya milimita hivi. Basi hubandikwa plastiki, au uso wenyewe huchongwa vijifereji.

Blodgett alistaafu mwaka 1963, akafariki tarehe 12 Oktoba 1979. Ewe askari wa Kasese, rangi ya zambarau au ya kijani uionayo juu ya lenzi yako si uchafu. Ndiyo utando wenyewe. Peperusha vumbi kwanza, kisha futa polepole kwa kitambaa safi na laini. Upindo wa shati lenye mchanga waweza kuharibu kwa dakika moja ulinzi huo uliogharimu wataalamu miaka mingi.