Utii wa Mara ya Pili

Andiko: 1 Samweli 15:22

Jumapili tulijifunza kwamba Mungu hupendezwa na utii kuliko dhabihu. Wahubiri wa Nigeria na Marekani tunawajua sana hapa Eastlands, lakini wiki hii nataka nikueleze habari za mtumishi wa hapa jirani, Apolo Kivebulaya wa Uganda.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Ujanani alikuwa askari. Alibatizwa 1895, akajitolea kuwa mwalimu wa Injili, akatumwa Toro. Mwishoni mwa 1896 alivuka Mto Semliki akafika Boga, ambayo leo iko Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameshaondoka, maana chifu Tabaro hakuwataka na njaa iliwamaliza.

Apolo alikemea ulevi na ndoa za wake wengi waziwazi, na chifu mwenyewe alihusika. Basi akapigwa vibaya sana. Kisha dada ya chifu akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama yote akarushiwa Apolo. Akakamatwa, akarudishwa Toro, akatiwa gerezani kwa kosa ambalo hakufanya.

Hapa tusimame kidogo. Mimi nilisomea biashara chuoni. Tulifunzwa kwamba tawi likila hasara mfululizo, unalifunga na kupeleka mtaji kwingine. Kwa hesabu hiyo, Boga ilikuwa ya kufungwa. Kanisa la Toro lilikuwa linakua, kazi ilikuwa tele, na Apolo angebaki huko bila mtu kumlaumu. Si alikuwa ametii tayari? Alitumwa, akaenda, akakataliwa. Wengi wetu tungesema mlango umefungwa, Mungu ameonyesha njia ingine.

Lakini Apolo alisimulia kwamba katika dhiki ile Yesu alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Hiyo ndiyo ahadi aliyobeba alipotoka gerezani. Akarudi Boga, kwa chifu yule yule. Na Tabaro akaokoka, akabatizwa kwa jina Paulo.

Mwaka 1903 Apolo aliwekwa wakfu kuwa kasisi. Alitumika Toro kwa miaka mingi, kisha akarudi tena Boga. Uzeeni, badala ya kupumzika, aliingia msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti. Alifariki 30 Mei 1933. Aliagiza kwamba kaburini kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi, ili hata akiwa amelala aonyeshe Injili inakoelekea. Leo Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake Boga.

Mpendwa, utii wa kwanza huja na nguvu ya mkutano. Umeombewa, umelia, unatoka mbio. Utii wa mara ya pili huja ukiwa na makovu. Ulikataa kutoa kitu kidogo ukakosa tenda. Sasa kuna tenda ingine, na karo inadaiwa. Ulikataa kuandika stakabadhi ya uongo ukapoteza kazi. Sasa bosi mpya anataka hiyo hiyo. Ulimpelekea jirani wa ploti Neno akakutusi. Sasa ni mgonjwa.

Tunapenda kuhubiriwa kwamba ukitii leo, kesho unapandishwa cheo. Mungu hubariki, amina. Lakini Apolo alitii akapigwa, akatii akafungwa. Na hata kama Tabaro angekataa kuokoka, safari ile ya kurudi bado ingekuwa utii. Tusipime utii kwa faida inayoonekana mwisho wa mwezi.

Niweke wazi jambo moja. Simwambii mama anayepigwa nyumbani arudi akapigwe. Hiyo si Boga yako. Tafuta usalama kwanza, na uje tuzungumze.

Kwa wengine wetu, wiki hii jiulize: ni wapi nilitii mara moja, nikaumia, nikaacha? Peleka jambo hilo kwa kikundi cha nyumbani, muombe pamoja.

Tuombe: Baba, pale ulipotutuma na tukaumia, tupe moyo wa kurudi. Tuhakikishie tu kwamba uko nasi. Katika jina la Yesu, amina.