Edmund Morel, mwandishi aliyesoma vitabu vya hesabu vya meli

Edmund Dene Morel hakufika Kongo hata siku moja. Lakini makaratasi aliyokusanya yalisaidia kumutosha Mfalme Léopold II kwenye inchi yetu.

Alizaliwa Paris mwaka 1873. Akiwa kijana, alikuwa karani wa kompani ya meli kule Liverpool, Uingereza. Ju alijua Kifaransa, wakubwa walimutuma Anvers, Ubelgiji. Pale bandarini aliona jambo: meli kutoka Kongo zinafika zimejaa mpira na pembe za tembo, lakini zikirudi zinabeba sana sana bunduki na risasi. Sasa watu wanalipwa na nini? Akaelewa: hawalipwi, wanatumikishwa kwa nguvu.

Mwaka 1901 aliacha kazi. 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail. Wamisionere walimuletea barua na ushuhuda. Yeye akalinganisha na hesabu, akatangaza, akatunza. 1904 akaunda chama pamoja na Roger Casement. 1908 Ubelgiji ikatwaa Kongo mikononi mwa mfalme. Kazi ya lazima haikuisha siku ile, na Morel aliendelea kupigana hadi 1913.

Alikufa 1924, akiwa mbunge wa Dundee. Faili zake zingali London, na watafiti wanazisoma.

Hapa Manika, kamyo za shaba na kobalti zinapita kila siku. Barua ya kijiji, karatasi ya malipo, picha ya shamba lililochukuliwa: tusizitupe. Kesho zitasema.