Mao Zedong: Wachina wenyewe bado wanavutana

Wafanyabiashara wetu wa Mombasa wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo hutembea naye mfukoni bila kumfikiria. Noti za China zilizoanza kutolewa mwaka 1999, kuanzia ya yuan moja hadi mia, zina sura ya Mao Zedong. Sura ni moja, lakini Wachina wenyewe wanavutana kuhusu alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa 26 Desemba 1893 kijijini Shaoshan, mkoa wa Hunan. Babake alikuwa mkulima aliyejiinua kwa biashara ya nafaka, tena mkali, na hawakupatana. Alipokuwa na miaka kama 14 aliozwa msichana aliyemzidi umri, akakataa kuishi naye. Alipokuja kutawala, sheria ya ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumwoza mtu bila ridhaa yake. Sidhani kama mawili hayo hayahusiani.

Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa wajumbe wachache waliokutana Shanghai kuunda Chama cha Kikomunisti. Kisha ukaja ule Msafara Mrefu wa 1934 na 1935: watu zaidi ya 80,000 walitoka Jiangxi wakikimbia jeshi la serikali, na waliofika kaskazini walikuwa takriban mmoja kwa kila kumi. Tarehe 1 Oktoba 1949 alitangaza Jamhuri ya Watu mjini Beijing.

Mazuri yapo, na tuyataje. Maskini walipata ardhi, ingawa wenye mashamba wengi waliuawa. Watu walifundishwa kusoma, na wale madaktari pekupeku walifikisha tiba vijijini. Lakini mwaka 1958 alitaka kuiruka miaka kwa hatua moja. Wakulima walitiwa kwenye majumuia, wakaambiwa wayeyushe chuma katika matanuri ya kijijini na waue shomoro. Maafisa walidanganya kuhusu mavuno ili wapendeze wakubwa, na nafaka ikachukuliwa kwa hesabu ya uongo. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alimwandikia barua ya kumtahadharisha mwaka 1959, akafutwa kazi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa njaa kuwa kati ya milioni 15 na zaidi ya milioni 40.

Mwaka 1966 akawachochea vijana wawageukie walimu, wazee na viongozi wenzake. Misikiti ilifungwa kama mahekalu yalivyofungwa. Huko Shadian, Yunnan, Waislamu wa Kihui walidai haki ya kuswali, na mwaka 1975 jeshi likatumwa. Waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,600. Baada ya Mao kufariki, 9 Septemba 1976, serikali ilikiri kwamba watu wale walidhulumiwa. Habari hii huku kwetu haisimuliwi sana, na sielewi kwa nini.

Aliyeshika hatamu baadaye ni Deng Xiaoping, aliyekuwa amefutwa na Mao mara mbili, na ambaye mwanawe alipooza baada ya kuanguka kutoka ghorofani wakati wa mateso yale. Ungedhani angelipiza. Badala yake, azimio la chama la mwaka 1981 lilisema mchango wa Mao ulitangulia na makosa yakafuata. Watu wakafupisha: asilimia 70 mema, 30 mabaya. Kwangu mimi hiyo ni hesabu ya siasa. Kumwangusha Mao kungekiangusha chama.

Mtaani hesabu ni nyingine. Wafanyakazi waliopoteza kazi viwanda vya serikali vilipofungwa miaka ya 1990 wanamkumbuka kama mtetezi wa mnyonge, na madereva wa teksi walikuwa wakitundika picha yake kama kinga. Mchumi Mao Yushi, asiye ndugu yake, alipoandika mwaka 2011 kwamba ashushwe awe binadamu wa kawaida, wapenzi wa Mwenyekiti walitaka ashtakiwe. Mwaka 2015 mtangazaji Bi Fujian wa televisheni ya taifa aliondolewa hewani kwa kumfanyia mzaha kwenye karamu.

Kila 26 Desemba umati hufika Shaoshan kula tambi za kumtakia heri ya kuzaliwa. Yang Jisheng, mwandishi wa habari ambaye babake alikufa njaa mwaka 1959, alikusanya kumbukumbu za baa lile kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu Hong Kong mwaka 2008. China bara kitabu hicho kimepigwa marufuku.