Kocher, daktari aliyekiri kosa lake

Tuliporudi kutoka uhamishoni Tanzania mwaka 2008, hapa Kinindo mama yangu alijifunika blanketi saa sita mchana, sisi wengine tukitokwa jasho. Kule alikuwa amepasuliwa rovu. Vidonge vilipokwisha hatukununua vingine, tukidhani amepona. Akawa mzito, msahaulifu, wa kulala tu. Daktari alipotueleza chanzo, nilitafuta habari za mtu aliyeutangazia ulimwengu hali hiyo.

Theodor Kocher alizaliwa Bern, Uswisi, tarehe 25 Agosti 1841. Mwaka 1872 akawa profesa wa upasuaji mjini humo. Milima ile ilikuwa na rovu tele kwa upungufu wa madini joto, na wengi waliopasuliwa walikufa kwa kuvuja damu au vidonda kutunga usaha. Kocher alipasua polepole na kwa usafi, vifo vikapungua sana. Baadhi ya wagonjwa aliwaondolea tezi yote ya shingo, kwani kazi yake haikujulikana.

Kisha akasikia kwamba binti aliyempasua mwaka 1874 amedumaa na kuzubaa. Hakunyamaza. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani. Kati ya 18 walioondolewa tezi yote, 16 walikuwa wamedhoofika mwili na akili. Mwaka 1883 aliyasema hayo mbele ya madaktari wenzake Berlin, akaacha kutoa tezi yote kwa rovu la kawaida.

Mwaka 1884 Moritz Schiff, huko Geneva, alionyesha kwamba mbwa walioondolewa tezi walikufa, lakini waliopandikizwa tezi ya mbwa mwingine tumboni waliweza kuishi. Leo tunajua kwamba tezi humwaga homoni katika damu. Ikiondolewa, akiba iliyobaki kwa binadamu hupungua kwa nusu kila wiki. Kwa mbwa ni haraka zaidi. Mwaka 1891 George Murray, Mwingereza, alimdunga mgonjwa dawa iliyotokana na tezi ya kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi.

Kocher alipata tuzo ya Nobel mwaka 1909, akafariki mwaka 1917.

Mama alipopimwa damu na kurudishiwa vidonge, baada ya miezi michache alianza tena kuwakemea wajukuu. Ndugu zangu mnaovuka Kobero na Mugina, aliyetolewa tezi yote humeza vidonge maisha yake yote. Asivuke mpaka bila hivyo. Na chumvi mnayotuletea iwe yenye madini joto.