Aliacha chuo akaingia kiwanda cha makopo, akarudi akashinda Nobel

Mama wa mandazi akitia hamira kwenye unga jioni, asubuhi unga umefura. Hamira imefanya nini humo ndani? Swali hilo linaonekana dogo, lakini liliwagonganisha wasomi wa Ulaya kwa miaka na mikaka. Aliyelipatia jibu ni jamaa ambaye aliwahi kuacha chuo kwa sababu pesa zilikwisha.

Jamaa huyo ni Eduard Buchner. Alizaliwa Munich, Ujerumani, Mei 20, 1860. Babake alikuwa daktari na profesa, ila alifariki Eduard akiwa bado mtoto. Kakake Hans, aliyemzidi karibu miaka kumi, ndiye aliyemshika mkono. Mwanzoni ilipangwa Eduard awe mfanyabiashara, lakini yeye alipenda kemia, akajiunga na chuo cha ufundi pale Munich.

Halafu pesa zikakauka. Akaacha masomo, akaenda kufanya kazi katika viwanda vya kutia vyakula kwenye makopo, kwanza Munich kisha Mombach. Si mwezi mmoja wala miwili, karibu miaka minne! Sisi tuliowahi kuacha chuo tunaijua hiyo miaka. Wenzako wanapiga picha na majoho, wewe unaamkia kibarua na kuwaambia watu kwamba utarudi tu, mambo yakikaa sawa.

Buchner alirudi mwaka 1884, Hans akimsaidia. Akafunzwa kemia na Adolf von Baeyer, akasomea pia mimea chini ya Carl von Nägeli. Mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari. Baeyer akamtafutia pesa za kuanzisha maabara ndogo ya kuchunguza jinsi vitu vinavyochacha.

Sasa tuje kwenye ule ubishi. Mfaransa Louis Pasteur, jina kubwa kuliko yote wakati huo, alishikilia kwamba sukari haigeuki pombe bila seli hai ya hamira. Seli ikifa, mchezo umeisha. Wengine, kama Mjerumani Justus von Liebig, waliona ni kemia tu. Lakini kila aliyejaribu kuivunja seli ili apate kile kinachofanya kazi ndani, alitoka mikono mitupu.

Mwaka 1893 Buchner alianza kuvunja seli za hamira. Wasimamizi wa maabara wakaona ni kazi bure, kwani watu walikuwa wamezisaga hamira kwa miaka arobaini hivi bila kupata chochote. Basi kazi ikawekwa kando. Ilikaa kando miaka mitatu mizima.

Mwaka 1896, akiwa tayari anafundisha Tübingen, alitumia likizo yake kurudi Munich kwenye taasisi aliyofanya kazi Hans. Hans hakuwa na habari na pombe. Yeye alitaka maji ya ndani ya seli kwa ajili ya utafiti wa tiba. Msaidizi wake, Martin Hahn, alikuwa amepata njia nzuri ya kuyatoa. Unachukua kilo moja ya hamira ya viwanda vya bia, kilo moja ya mchanga, na robo kilo ya unga laini wa udongo. Unatwanga kwenye kinu hadi mchanganyiko ulowe, kisha unaufunga kwa kitambaa na kuukamua kwa mashine yenye shinikizo kubwa ajabu. Unapata karibu nusu lita ya maji yasiyo na seli hai.

Tatizo ni kwamba maji yale yaliharibika upesi. Wakaamua kuyatia sukari nyingi ili yasioze, vile jemu huhifadhiwa. Buchner akatazama, akaona mapovu yanapanda. Sukari ilikuwa inageuka pombe na gesi, na hakuna seli hai hata moja ndani!

Mwingine angeyamwaga, aseme dawa ya kuhifadhi imeshindwa. Yeye aliyasoma yale mapovu. Januari 1897 akatuma ripoti yake, akieleza kwamba kinachochachusha ni kitu kama protini kilichomo ndani ya seli, akakiita zimasi. Leo tunajua zimasi si kitu kimoja bali kundi la vimeng'enya, vile tunavyosoma kwenye biolojia ya sekondari. Wapinzani hawakukosa, naye akawajibu kwa majaribio mwaka baada ya mwaka. Hans alifariki 1902. Mwaka 1907, Eduard akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Njia hiyo ya kuvunja seli na kufanyia kazi maji yake haikufa. Mwaka 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei kule Bethesda, Marekani, walisaga bakteria, wakatia kwenye maji yake uzi wa RNA uliotengenezwa maabara, na protini ikatengenezwa ndani ya chupa. Hapo ndipo neno la kwanza la lugha ya jeni liliposomwa. Siku hizi mtafiti akiwa na jeni asiyoijua kazi yake, anaweza kuitia kwenye maji ya seli ndani ya kichupa na kupata protini yake kwa saa chache, bila kufuga kiumbe chochote.

Buchner mwenyewe hakuyaona hayo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijitolea kwenda jeshini. Mwaka 1916 alirudishwa Würzburg kufundisha, angeweza kubaki huko. Mwaka uliofuata akaenda tena. Agosti 1917, karibu na Focșani nchini Romania, kipande cha kombora kilimjeruhi, na baada ya muda mfupi akafariki. Alikuwa na miaka 57, ameacha mke na watoto watatu.

Mimi nikimkumbuka, siendi kwenye ile Nobel. Naenda kwenye miaka minne ya makopo, na mitatu ya kazi iliyowekwa kando. Jumla saba. Kama yako bado haijafika saba, usijihesabu umechelewa.