Eugène Atget: Mhifadhi wa Paris Kongwe

Wako wasanii wanaovishwa taji wangali hai, na wako ambao sifa zao huwafuata kaburini. Eugène Atget, mpigapicha wa Ufaransa, ni wa kundi la pili.

Atget alizaliwa mwaka wa 1857 mjini Libourne, karibu na Bordeaux. Alifiwa na wazazi angali mtoto. Ujanani alifanya kazi melini, kisha akawa mwigizaji katika vikundi vya tamthilia vilivyozunguka mikoani. Jukwaa halikumpa riziki ya kutosha, hivyo mnamo 1890 hivi akashika kamera ili awauzie wachoraji picha za vielelezo.

Wakati huo sehemu kubwa ya Paris ilikuwa imebomolewa kupisha barabara pana, na masalio ya mji wa kale yalizidi kutoweka. Atget alijitwika jukumu la kuyanasa: kuta zilizochujuka, ngazi, nyua zenye giza, hata pete za kubishia hodi milangoni. Alidamka alfajiri kabla njia hazijafurika watu, akabeba kamera nzito ya mbao pamoja na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24. Kamera nyepesi zilipoenea, yeye hakuiacha yake.

Maumbile nayo yalimvuta. Katika bustani za Versailles, Saint-Cloud na Sceaux aliirudia miti, mizizi na vidimbwi mara kwa mara, kana kwamba miti nayo ni majengo yanayozeeka.

Mwaka wa 1920 aliiuzia serikali negativu zaidi ya 2,600 kwa faranga 10,000. Hata hivyo, kazi zake aliziita hati tu. Jarida la wasanii wa usurialisti lilipozichapisha baadhi yazo mwaka wa 1926, hakutaka jina lake litajwe. Alifariki Agosti 1927.

Mpigapicha Mmarekani, Berenice Abbott, aliyanunua mabaki ya kazi hiyo mwaka wa 1928, akaitangaza kwa miaka arobaini hadi Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York, lilipoinunua mwaka wa 1968.

Maisha haya yanatutupia swali sisi wanafunzi wa fasihi: je, kazi huwa sanaa kwa tamko la mtunzi au kwa jicho la hadhira? Atget alikana usanii. Picha zake zimekataa kumtii.